Patron Bado Hajasema Ilikuwa Ngapi

Mimi harusi hunikuta nyumbani. Ndugu wananijua: kadi wananiletea, na sahani yangu inarudi na mke wangu, imefunikwa vizuri, nyama zimepungua kidogo njiani. Lakini ile ya Kibenga, mwezi uliopita, mke wangu alisimama mlangoni akiwa ameshavaa, akaniambia, "We baba, leo unatoka, ao nakutoa na kiti chako." Nikatoka. Na ninamshukuru, maana ningebaki na redio yangu nisingemsikia mzee mmoja mwenye suti ya kijivu akishika mikrofoni na kulitangazia hema zima kwamba yeye, wakati wa vita, ndiye aliyewaanzishia watoto wa Buyenzi timu ya mpira. Eti aliwapa mpira ili wasahau risasi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikairudisha brosheti yangu ya nyama sahanini.

Nilimtambua si kwa sura, maana sura imezeeka, bali kwa namna alivyotazama saa yake katikati ya sentensi. Ni Patron, kama tulivyomwita bosi huyo utotoni! Vilevile! Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe, ukaushika ufunguo wa nyumba, na kile kidude cheusi kilichofungwa pamoja nao. Mtenda husahau, bibi yangu alikuwa akisema, mtendewa hasahau. Na mimi kwa kusahau ni mvivu, kama nilivyo mvivu kwa mengine yote.

Basi sogea karibu nikupe ya kweli. Yeye ana mikrofoni, mimi nina wewe tu.

Timu yetu haikuanzishwa na mtu. Ilianzishwa na lori. Vita vilipoanza, lori moja bovu lililetwa kutengenezwa mtaani kwetu Buyenzi, na mwenyewe akaenda na hakurudi. Siku hizo ukisikia mtu hakurudi, hukuuliza mara mbili. Mafundi walingoja, wakangoja, kisha wakaanza kulila lile lori kidogo kidogo, leo taa, kesho springi, hadi zikabaki bomba za moshi tu. Fundi jirani yetu, mtu mrefu mwenye mikono iliyonuka oili hata siku ya Idi, akazikata na kuzichomelea nguzo za magoli. Bomba hizo mafundi wetu huziita eshapma, na ndipo timu ikaitwa Eshapma. Kwa hiyo ukitaka kumshukuru mwanzilishi wetu, mshukuru marehemu lori.

Uwanja ulikuwa ule uwazi kati ya magereji na msikiti, mchanga mweusi kwa mafuta. Ukianguka ulirudi nyumbani kama umekaangwa. Mpira wetu ulikuwa mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa vipande vya chemba ya baiskeli, na ulidunda unakotaka wewe au unakotaka wenyewe, kutegemea siku. Kutwa nzima nyundo zinagonga bodi za magari, adhana inapita juu yake, na chini ya yote harufu ya mandazi ya bibi.

Mimi nilikuwa golikipa. Usinisifu. Nilichaguliwa kwa sababu sikupenda kukimbia, na golini mtu anaweza kuegemea. Kazi yangu ya kila siku kwa fundi ilikuwa kuchambua nati kwenye makopo, nimekaa juu ya tairi, na niliipenda kwa sababu hiyohiyo ya kukaa. Fundi alisema mimi peke yangu sijawahi kumpotezea kitu kidogo. Kweli, ningekipotezea wapi? Sikuwa naenda popote.

Beki wetu wa kwanza alikuwa bibi. Kwake timu yoyote ya wageni haikugusa mpira kabla ya kula. "Mugeni anakula kwanza," alisema, "kufungwa atafungwa tu." Na aliwapa ugali na maharagwe ya mawese, sahani ya mlima, akisimama juu yao mpaka wamalize. Nimeona washambuliaji hodari kutoka mitaa mingine wakitembea uwanjani kama wajawazito. Sisi tulikunywa chai ya rangi, tukangoja.

Patron alikuja kwetu kwa ajili ya gari lake. Alikaa Kinindo, kwenye nyumba za ukuta na bustani, na gari lake la bluu lilikuwa mgonjwa wa kudumu wa fundi. Siku moja akatuona tukicheza, akasema ataleta vijana wa mtaa wake, wanawe wawili wakiwa kati yao, tucheze mpira wa amani. Akaja nao kweli, viatu vya njumu, soksi ndefu, na mpira wa ngozi mweupe kama yai. Ule mpira, ndugu yangu! Niliunusa kabla ya kuushika.

Tukawafunga. Alama ya kwanza tu, bao moja, ilipoingia, Patron akatazama saa. "Couvre-feu, watoto! Couvre-feu!" Akauchukua mpira wake, akawapakia vijana wake, akasema mechi imekatika, kwa hiyo haihesabiki. Unajua saa ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku, haikuwa mchezo. Ikifika, kila mtu ndani, na wa njiani shauri yake na askari. Lakini fundi alinyoosha mkono kuelekea magharibi, akapima kimo cha jua kwa kiganja, kama alivyozoea. "Jua iko bado mukono muzima juu ya milima ya Kongo," akasema. "Huyu anakimbia alama."

Mara ya pili ikawa vilevile. Tumewafunga, saa, mpira, gari, vumbi. Na mjini tukasikia anasimulia kwamba vijana wake hawajawahi kushindwa Buyenzi. Wewe fikiri watoto wa miaka hiyo. Hatukuwa na shule inayomaliza muhula, hatukuwa na mtaa usiohamwa, majirani walikatika katikati ya salamu. Tulitaka kitu kimoja kifike mwisho wake. Mechi moja tu, dakika zote, na mtu aseme ilikuwa ngapi.

Mara ya tatu, wageni wakiwa bado wanapambana na maharagwe, fundi akaniita nyuma ya gereji. Akanitia mkononi kidude cheusi, kidogo kama kidole gumba. Ni kidole cha delko, kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi. Gari bila hicho ni banda la kuku.

"Weka mu soksi," akaniambia. "We hukimbii, hutakiangusha."

"Na nikiruka?"

"Tangu lini we unaruka?"

Hivyo nikaingia golini na moyo wa gari la Patron kwenye kifundo cha mguu wangu.

Alama aliifunga mtoto wa mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani; mama na mwana walikuja kutoka Uvira, Kongo. Alicheza peku, na alinuka samaki kiasi kwamba hakuna beki wa Kinindo aliyetaka kumkaba kwa karibu. Huo ndio ulikuwa uchawi wake wote. Mwalimu wetu wa shule ya msingi, aliyekuwa refa, akapuliza filimbi akielekeza katikati. Na Patron, bila kupoteza muda, akatazama saa.

"Couvre-feu, watoto!"

Akabeba mpira, akaingia garini, akapiga stata. Gari likalia kama mbuzi. Akapiga tena. Mtaa mzima ukasimama kumsikiliza, hata nyundo, hata wanawake wenye ndoo. Kisha mtu mmoja akacheka, na wewe unajua kicheko cha Buyenzi kikianza.

Mwalimu akasogea dirishani kwa heshima zote. "Patron, gari imegoma na jua iko juu. Tumalize basi, ao tutafanya nini?"

Alitazama jua. Hakuwa na pa kulificha. Akautoa mpira.

Tulimaliza. Nilisikia kila dakika kwenye soksi. Karibu na mwisho mwanawe mkubwa alipiga shuti ambalo mimi, kwa ushujaa, niligeuka kulikimbia, likanigonga makalioni na kutoka nje. Hadi leo naomba lihesabiwe kuwa nililiokoa. Filimbi ikalia. Moja bila. Mechi nzima, mwanzo na mwisho!

Fundi akajifuta mikono, akamwendea Patron. "Patron, gari yako iko na ugonjwa ya kusahau. Sema tu matokeo kwa sauti, itakumbuka."

"Matokeo ya nini? Mi sikuona mechi."

"Moja ngapi, Patron?" watoto wakaimba. "Moja ngapi?"

Alikuwa mkaidi, nampa haki yake. Jua likashuka mkono, likabaki vidole, likabaki ukucha. Dereva wa jirani akawawahisha vijana Kinindo, lakini Patron alikataa kuliacha gari lake mikononi mwa, nanukuu, wezi. Couvre-feu ya kweli ikamkuta Buyenzi, kwa bibi yangu. Bibi akamwekea ndagala na ugali, bila kinyongo. "Mugeni ni mugeni," akasema, "hata kama ni mwizi ya mpira."

Isha haijafika, milio ya risasi ikaanza milimani. Mimi nilikuwa na mahali pangu chini ya kitanda cha bibi, penye sufuria. Nikasikia mtu anajisukuma kuingia kutoka upande wa pili, anahema. Tukatazamana, mimi na Patron na suti yake. Milio ikakaribia, ikaenda mbali. Nikamnong'oneza, "Moja bila?"

"Nyamaza, golikipa," akasema. Lakini alikuwa amenishika mkono, na hakuuachia mpaka kulipotulia.

Asubuhi alifungua boneti mwenyewe, akaona kilichokosekana, akanunua kidole kingine dukani, nyumba ya nne kutoka kwetu. Akawasha, akaondoka na mpira wake, na hakurudi tena. Nilikuwa na umri wa kusamehe, lakini nilikuwa nimekaa, na mtu aliyekaa ana nafasi ya kukumbuka.

Ndiyo maana pale Kibenga nilisimama, mke wangu akidhani nafuata soda, nikaenda hadi kwenye kiti chake. "Jambo, Patron," nikasema, na kukiweka kidude kwenye kiganja chake. "Ilikuwa ngapi?"

Alikigeuza, akakigeuza tena. Nilidhani hajui ni nini, na hilo lingeniua. Kisha akakohoa.

"Ule mutoto wa ndagala," akasema polepole, "aliotea."

Ningeweza kumkumbatia. Kumbe na yeye miaka yote anairudia! Maana nitaongea na nani mwingine? Mtoto wa ndagala alivuka mpaka wa Gatumba na mama yake, wakirudi Uvira, na tangu hapo sina habari. Mwalimu alikwenda kumtazama ndugu yake mtaa wa juu, akawa wa wale wasioulizwa mara mbili. Fundi amezikwa, bibi amezikwa, yeye alifia kitandani kwake, bahati ambayo miaka ile haikuwa ya kila mtu. Uwanja ni yadi ya magari, na moja ya nguzo zetu inashikilia turubai la muuza matairi, sijui kama anajua ni nguzo ya nini. Waliobaki kuithibitisha Eshapma tuko wawili, na mmoja ni adui.

Lakini usidhani nililainika. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikichukua kidude changu, nikakirudisha mfukoni.

"Basi gari bado haiwaki, Patron. Ilikuwa ngapi?"

Akatazama saa. "Saa zimekwenda," akasema, akitafuta mkongojo wake. "Watoto wananingoja."

Niligeuka kuelekea ziwani, nikanyoosha mkono, nikapima. Jua lilikuwa bado mkono mzima juu ya milima ya Kongo.