Alasiri za Ibra, Nyuma ya Goli

Nyasi bandia zikichomwa na jua hutoa harufu ya tairi jipya. Nikiinusa popote, hata sasa nikiwa mama wa watoto, huwa nimeshafika Ibra, alasiri ya Alkhamisi, nimekaa pembeni ya Baba na chupa ya chai, naitazama timu ya chuo cha kaka yangu Nasir ikifungwa.

Na ilifungwa kwa bidii, nisikufiche. Mabeki walikuwa wakigongana wenyewe kwa wenyewe, na golikipa wao, kijana mrefu wa Sur, alikuwa akitoka golini kama mtu aliyeitwa na mama yake. Tulikuwa tukitoka kwetu Bidiya kwa gari, mchanga ukivuka barabara mbele yetu kama moshi, na njia nzima Baba akinieleza kwa nini leo mambo yatakuwa mengine: kocha kapanga upya viungo, mshambuliaji kapona goti. Wakati wa kurudi, tukikaribia nyumbani, alikuwa akisema, "Timu inakuja hii. Subira huvuta heri."

Mama alitupokea mlangoni bila kuuliza matokeo. "Inakuja kutoka wapi hiyo, mbona haifiki?"

Nasir alikaa bweni, akija nyumbani mwisho wa wiki. Baba alizaliwa Unguja na nyumbani hakutaka ila Kiswahili, lakini Nasir tangu aingie chuo alikuwa akijibu kila kitu kwa Kiarabu, tena kifupi. Baba akimuuliza habari za masomo, yeye husema "Alhamdulillah," akainuka na simu yake. Mazungumzo yakaishia hapo, Baba akabaki anaitazama sahani.

Mechi ninayoikumbuka zaidi ni ya mwisho wa msimu, dhidi ya chuo kimoja cha Nizwa. Kufika mapumziko tulikuwa nyuma mabao mawili, na winga wao mdogo alikuwa akimpita Nasir atakavyo. Nililia kwa hasira.

"Baba, twende zetu. Hawa hawatashinda maisha."

"Kunywa chai, mwanangu. Kipindi cha pili bado."

Hapo nikamwona Nasir anakuja kwenye uzio, jasho linamtiririka. Alishika waya, akasema kwa Kiswahili, "Baba, yule namba saba simuwezi. Mguu yake haraka sana."

Baba aliweka kikombe chini taratibu. "Anapenda kwenda kulia. Mzibie kulia, muachie kushoto. Mguu wa kushoto hana yule."

"Na akipiga krosi?"

"Hapigi. Utaona."

Wakaendelea hivyo, vichwa vimekaribiana, mpaka refa akapuliza filimbi. Kipindi cha pili Baba alisimama nyuma ya goli akipaza sauti, "Nasir, mwache aje! Sasa!" na wale wa Nizwa hawakuelewa neno. Namba saba hakupita tena. Tukarudisha bao moja, tukakosa jingine kwa nywele, na mpira ukaisha. Tumefungwa tena.

Nilinuna njia nzima. Baba alikuwa akiimba kidogo kidogo, na tulipofika akamwambia Mama, "Leo tumecheza vizuri mno." Niliona aibu kwa niaba yake. Nikaamini kweli kwamba Baba hajui mpira.

Imenichukua miaka, na binti yangu mwenyewe anayejifungia chumbani, kuelewa kwamba Baba aliijua timu ile kuliko mimi. Alijua haiendi popote. Aliifuata kwa sababu pale kiwanjani palikuwa mahali pekee ambapo mwanawe angemhitaji siku moja, na hakutaka siku hiyo ikifika imkute hayupo.

Sasa Nasir anafanya kazi Sur. Timu ya taifa ikicheza humpigia Baba, wakazungumza kabla ya mechi na baada yake, Kiswahili cha Nasir kikiwa kibovu vile vile, ngeli zote zimevurugika. Mimi Baba alinisahihisha kila neno utoto wangu mzima. Nasir, Baba hajamsahihisha hata moja.