Aksanti ya Mtu Asiyekunywa Chai

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ni ile ambayo mvua ilinitoa mbio bustanini hadi kwenye baraza la Bibi Zaina. Nilikuwa bado binti, fundi cherehani, nimetoka Butihinda kule Muyinga kuja Gitega, hapa hapa Burundi, kutafuta maisha. Katika mji mzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelijua jina la mama yangu.

Nilipanga chumba kwenye mtaa wa Waswahili, katika zile nyumba za zamani za matofali na vigae zinazotazamana na bustani kubwa. Watu wa nyumbani walinionea wivu. Kuishi mbele ya bustani! Miti mirefu, kivuli, hewa safi ya bure. Ni kweli palikuwa pazuri, sitapasema vibaya. Lakini bustani ni ya watu waliokuja pamoja. Kila Jumamosi maharusi walikuja kupigwa picha, na mashangazi zao, na watoto waliovalishwa viatu vya kuwabana. Mimi nilikaa kwenye benchi langu baada ya kazi nikiwatazama. Jumamosi moja mpiga picha akaniambia, kwa adabu kabisa, "Dada, sogea kidogo, unaingia kwenye picha." Nikasogea. Akasema bado kidogo. Nikaondoka kabisa, nikaenda kulala mapema, na nililia, sikufichi.

Bibi Zaina alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane, msusi wa mikeka. Kila jioni alikaa barazani na birika la chai ya tangawizi na vikombe viwili. Nikipita kutoka kazini alisema, "Karibu chai." Nami nilijibu, "Asante, Bibi," nikapita zangu kwenda kukaa bustanini peke yangu.

Usinicheke. Kabla hatujarudi Butihinda, mimi nilikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania, na chakula chetu kilikuwa cha kupimiwa. Mama alitufundisha tangu wadogo kwamba ukimkuta mtu anakula, akakukaribisha, unasema asante na kupita, maana ukikaa unakula sehemu ya mtoto wake. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Nilikuja nayo mpaka Gitega, na nilikuwa najisifu moyoni kwamba nimelelewa vizuri.

Basi jioni moja Bibi hakusema kitu. Nikapunguza mwendo. Alikuwa ameinamia mkeka wake kana kwamba barabarani hakuna mtu. Kesho yake vilevile. Hapo ndipo nilipotambua kwamba lile "karibu" lake lilikuwa neno pekee nililoambiwa kutwa nzima na mtu asiyetaka nimpunguzie suruali. Sasa hata hilo halipo.

Ndipo mvua ikanyesha. Baraza lake ndilo lililokuwa karibu, nikasimama ukingoni nimelowa chapachapa, sithubutu kusogea ndani. Nikaona kikombe ni kimoja tu.

"Bibi," nikasema, "nimekukosea nini?"

Aliendelea kusuka kidogo, kisha akaniambia kwa Kiswahili chao cha mtaani: "Mi nimechoka na aksanti yako. Kila siku mi nasema karibu, we unasema aksanti, unapita. Aksanti iko ya mtu mwenye amekunywa. We umekunywa nini kwangu?"

Nikamweleza habari za kambi na mafunzo ya mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso haukulegea.

"Pole, binti. Lakini hapa si kambi. Hapa ukikataa chai ya mtu, umemukataa yeye. Watoto wangu iko Muyinga, bwana wangu iko kaburini. Kikombe ya pili, unafikiri nilikuwa naiweka ya nani?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Bon, haya, toa viatu, ingia. Chai iko inapoa."

Nikaingia. Tangu siku hiyo hata bustani ikabadilika, maana tulikwenda wawili, tukakaa benchi moja tukiwasema maharusi, huyu gauni limemzidi, yule bwana anatetemeka. Watu wa picha hawakututoa tena. Nadhani walimwogopa Bibi.

Uzee ulipomzidi, watoto wake wakamchukua Muyinga. Hebu ona, mimi wa Muyinga nikabaki Gitega, na yeye wa Gitega akaenda kuishia Muyinga. Nilipomfuata kumwona, kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Binti yake alimtajia jina langu, akatikisa kichwa tu. Nikakaa. Nikaletewa chai, nikanywa mpaka tone la mwisho, nikaweka kikombe chini, nikasema, "Aksanti, Bibi."

Akageuka, akanitazama usoni.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Bon," akasema, akatabasamu. "Kesho, karibu tena."

Kesho yake nilikuwa ndani ya basi la kurudi Gitega, na sikumwona tena.

Sasa mimi ndiye mzee wa baraza lile. Bustani ingali mbele yangu, na jioni ni ndefu. Vijana mnaohamia mtaani nawaita, "Karibuni chai," nanyi mnanijibu asante huku mnatembea, simu sikioni. Siwakasirikii. Nilikuwa hivyo hivyo.

Lakini sikia, mwanangu. Ukifika mji usio na ndugu, usijifiche nyuma ya adabu yako. Anayekuita huenda ana njaa ya mtu kuliko wewe ulivyo na njaa ya chai. Ingia, kaa, kunywa, ndipo ushukuru. Mungu akujalie jirani asiyechoka kukuita, na akulainishe moyo upesi, kabla hajaondoa kikombe chako.

Changu cha pili bado kipo barazani. Karibu.