Mche Wangu Bwana Harusi

Nikipita kwa seremala anayeranda ubao wa paini, ile harufu ya utomvu ikinigonga puani tu, narudi Kharumwa nikiwa msichana wa miaka minane, ninapiga kelele hadi majirani wanatoka nje. Ngoja niwasimulie, mkitaka kucheka chekeni.

Mama alifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya mipaini. Kati ya miche yote, mmoja niliufanya wangu, nikaumwagilia kila nilipotoka shule. Ulinyooka, kijani kimekolea, nikauita Bwana Harusi. Wenzake niliwaona vibarua tu.

Siku moja mama akaniita. "Niletee, wewe na maringo yako, mche mzuri kuliko yote."

Moyo ukaniruka. Leo Bwana Harusi anapewa shamba! Nikamleta nimemkumbatia. Mama akachukua tawi la mpaini mgonjwa, limevimba vinundu na kujaa vumbi la manjano, akamkung'utia mwili mzima. Akamnyunyizia maji, akamfunika nailoni ili ugonjwa ushike vizuri.

Yesu na Maria! Mama yangu huyu, aliyenikataza hata kumrushia kuku jiwe, anaugawa ugonjwa kwa mikono yake! Ndipo nikampigia mama ukelele. "Mayu, unamuua!"

"Namjaribu," alisema. "Mjomba wako alipanda miche mizuri bila kuijaribu. Shamba lake si umeliona?"

Nililiona. Ugonjwa ule wa kutu uliila mipaini yake shingoni, upepo ukaimaliza, na mjomba akaishia kwenye mashimo ya dhahabu huko Bulyanhulu.

"Huyu asipougua, mbegu za mti uliomzaa tutawapa watu. Akiugua, hazitoki hapa."

Nikamnunia mama. Hata ugali nilikula nimempa mgongo. Lakini kila jioni nilichungulia kitaluni, nikimwomba Mungu. Miezi ikapita, na asubuhi moja nikakuta shingo ya Bwana Harusi imevimba kinundu.

Mama alimng'oa mwenyewe, akamlaza juu ya rundo la miche ya kuchomwa. Nilimwona akifuta macho kwa pindo la kanga. Nikasema kimoyomoyo, safi sana, moshi umkomeshe.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, siku nilipoikumbuka vizuri asubuhi ile. Kiberiti mama alikuwa bado hajakiwasha.