Bao Kumi na Mbili

Mume wangu alivunjika uso akifukuza mpira uliokuwa umeshatoka nje. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe akisimulia husema aliokoa bao.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, bonanza la watumishi pale Lagangabilili. Yeye ni bwana shamba, anawazungukia wakulima wa pamba, na siku hiyo alidaka kwa timu ya kilimo dhidi ya timu ya walimu. Mimi ni mwalimu. Nilikaa upande wa wapinzani wake, na nakiri kwamba nilipiga makofi kwa mabao yote manne. Baada ya la nne aibu ilimzidi, hivyo mpira wa tano, ambao ulikuwa unakwenda zake pembeni bila kumsumbua mtu, aliurukia kama anayekamata mwizi. Uso wake ukakutana na nguzo ya goli. Nguzo ile ni bomba la chuma, na mlio wake niliusikia nikiwa nimekaa turubaini.

Aliinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akamwambia mwamuzi, "Kona." Kisha akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka.

Tulipompakia kwenye gari la ofisi kumpeleka Bariadi, jicho la kushoto lilikuwa limeshafumba na shavu limeumuka kama andazi. Hatukufika mbali akaniuliza, "Tumeshinda?"

"Mmefungwa nne bila."

Alisikitika sana. "Nne? Golini alikuwa nani?"

"Wewe."

Akatazama mashamba. Baada ya muda mfupi akanigeukia tena. "Mama watoto, tumeshinda?"

Nilidhani ananitania. Ni mtu wa utani, na kwa kweli nilimjibu kwa ukali. Lakini akasikitika upya, vilevile, akauliza upya golini alikuwa nani. Hadi tunaingia Bariadi nilikuwa nimeshampa habari ile mbaya mara saba, na mara zote saba ilimuumiza kama ya kwanza.

Mama yake na mjomba wake walitufuata hospitali kwa bodaboda, wamepakizana. Wote wawili shida yao ilikuwa uso. Mama mkwe alisema ile ndiyo sura ya marehemu mumewe, hakuna nyingine iliyobaki, na sasa imeharibika. Mjomba, ambaye maisha yake yote amenunua na kuuza ng'ombe, alimkagua mpwa wake kama anayekagua dume mnadani. Akamfunua nywele, akambonyeza nyuma ya masikio, akatangaza, "Kichwa kizima. Hakuna hata mkwaruzo. Tatizo ni shavu tu."

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine hakunizidi umri. Alimgusa shavu kidogo, akaliacha, akaanza maswali. Mume wangu alijua jina lake. Alijua mimi ni nani. Alipoulizwa yuko wapi alisema Lagangabilili, golini. Daktari akamwambia, "Nakupa maneno matatu, uyashike, nitakuuliza baadaye. Ng'ombe, jembe, kikombe."

Alimmulika macho kwa tochi, akampima nguvu za mikono, kisha akauliza, "Haya, nitajie yale maneno."

"Maneno gani?"

Kutoka pembeni mjomba akajibu kwa sauti ya darasani, "Ng'ombe, jembe, kikombe."

"Mzee, umepata yote," daktari akasema. "Lakini mgonjwa ni yeye."

Mjomba aliridhika sana na matokeo yake. Kuridhika kwake hakukudumu, kwa sababu mume wangu alitapika pale pale, kisha akatapika tena. Daktari akatuambia ataandika rufaa, aende Mwanza akapigwe picha ya kichwa. Mjomba akamkumbusha kwamba kichwa hakijaumia, kilichovunjika ni uso.

"Mzee, nyumbani mnasuka maziwa kwenye kibuyu?" daktari akamuuliza.

"Tunasuka."

"Ukikigonga kibuyu ukutani kisipasuke, maziwa ya ndani yanatulia?"

Mjomba akafikiri. "Hayatulii."

"Mfupa wa uso ukivunjika, ujue nguvu iliyopita hapo ni kubwa. Watu wote wanatazama shavu kwa sababu ndilo linaloonekana. Mimi naogopa maziwa."

Sijawahi kuona mtu akielewa jambo haraka namna ile. Tulipokuwa tunasubiri gari la wagonjwa, mjomba alizunguka benchi zima akiwaeleza wagonjwa wengine habari za kibuyu, hata mmoja aliyekuja na jino bovu. Alimwambia awe mwangalifu.

Daktari alikuwa ametuelekeza tumjibu mgonjwa ukweli, kwa kifupi, na tuangalie asizidi kusinzia. Mimi nilifuata. Mama mkwe alivumilia mpaka swali la kumi na kitu, akanivuta kitenge.

"Wewe, mwanangu anafiwa kila dakika tano, na anayempa habari ni wewe."

"Ndivyo tulivyoambiwa, mama."

Alinipita, akakaa kitandani kwa mwanawe. Aliposikia "Tumeshinda?" akasema, "Mmeshinda, baba."

"Ngapi?"

Mama mkwe hajawahi kutazama mpira. "Kumi na mbili," akasema.

Mume wangu akatabasamu kwa nusu ya mdomo, ile iliyokuwa inafanya kazi. "Golini alikuwa nani?"

"Si wewe."

Chozi likamtoka kwenye jicho zima. Tangu hapo sikuwa na nguvu ya kumrudisha kwenye nne bila. Tulimpa ushindi huo njia nzima, Lamadi mpaka Magu, na muuguzi aliyetusindikiza akawa anamjibu yeye nikichoka. Dereva naye alijibu mara moja, akaongeza penalti.

Baada ya Magu akaacha kuuliza. Mwanzoni nilishukuru. Kisha nikaona muuguzi ameacha kucheka, anambana kidole, anamwita jina kwa nguvu. Nilijikuta naomba kimoyomoyo aulize lile swali, hata mara mia, hata nijibu mpaka nizeeke. Alikawia, kisha akafumbua jicho, akamtazama muuguzi kama mtu aliyeamshwa bila sababu. "Tumeshinda?"

"Mmeshinda, kaka," muuguzi akasema, bado amembana kidole.

Picha ilionyesha mfupa wa shavu umevunjika, na ule mwembamba unaobeba jicho. Ilionyesha pia damu kidogo ndani ya kichwa, upande wa mbele. Walisema haihitaji kufungua fuvu, ila alazwe achungwe, na picha irudiwe. Iliporudiwa, damu haikuwa imeongezeka. Shavu lilisubiri uvimbe upungue, wakaliinua na kulishikiza kwa kichuma kidogo.

Siku ya tatu alipouliza tena, nikamjibu bila kufikiri, "Mmeshinda kumi na mbili."

Alinigeuzia jicho zima. "Mbona nakumbuka niliokota mpira wavuni mara nne?"

Nikamwambia ndiyo, ni kweli.

"Na wewe ulipiga makofi."

Nilicheka na kulia mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza kama tumefiwa.

Nyumbani haikuwa rahisi kama watu walivyodhani. Uso ulipona, wageni wakausifu, wakaondoka wakisema mgonjwa amepona. Mimi niliyebaki naye nilijua bado. Kelele za watoto zilimuumiza kichwa. Alikasirika kwa kitu kidogo kama kifuniko cha chupa, kisha akasahau alichokasirikia na kubaki na hasira tupu, haina pa kwenda. Aliwahi kumweleza mkulima mmoja kutoka Bukundi jinsi ya kupulizia dawa ya pamba, akarudia maelezo yote upya katika mazungumzo yaleyale. Yule mzee alimsikiliza mara zote mbili kwa adabu, akashukuru mara zote mbili.

Na pua ilikuwa imekufa. Hakusikia harufu yoyote, si ya dagaa, si ya zizi, si ya sabuni. Mama mkwe aliona hiyo ni neema kwa mtu anayeshinda na madawa. Mume wangu mwenyewe alikuwa mnyonge mezani, anakula kama anayejaza fomu.

Ilipita miezi. Msimu wa kupanda ulikuwa umeanza, amesharudi kazini kwa nusu siku. Jioni moja nilikuwa nasahihisha madaftari barazani, nimejisahau kabisa, yeye yuko uani anatengeneza baiskeli. Akainua kichwa.

"Mwalimu, maharage yanaungua."

Nilisimama nikitaka kukimbilia jikoni, halafu nikakaa. Nikamuuliza kama ana hakika.

"Yanaungua," akasema, anavuta pumzi kwa pua taratibu, amefumba macho. "Yanaungua vibaya sana."

Tuliyaacha yaungue kidogo tena.