Moyo wa Kila Asubuhi

Bonifasia wa Murukulazo si mtu wa kukasirika ovyo. Fundi cherehani akiendekeza hasira atajidunga sindano. Lakini siku hizi hebu utaje mchezo wa matunda mbele yake uone atakavyokukata jicho, maana mchezo huo, jamani, umemfanyia visa ambavyo hata mke mwenza asingethubutu.

Ulikuja na simu. Binti yake Teddy, anayefanya kazi Mwanza, alimletea simu ya kugusa, na mchezo ukiwa humo ndani tayari. Unapanga matunda ya rangi moja, yakitimia matatu yanapasuka, pwaa! Kulikuwa na mapapai, machungwa, na tunda moja jekundu lenye vidoti ambalo Murukulazo nzima hakuna aliyewahi kulionja. Bonifasia alikuwa akiucheza barazani kwake, pembeni ya cherehani, akisubiri wateja.

Siku ya kwanza mchezo ulimuuliza maswali. Unaruhusu tujue ulipo? Unaruhusu tuone watu unaowasiliana nao? Chini yake pana vitufe viwili, Ruhusu na Kataa. Sasa niambie wewe, mtu amepiga hodi kwa adabu, utamfungia mlango? Kwao Bonifasia mgeni haulizwi alichofuata kabla hajakaa na kunywa kitu. Akabonyeza Ruhusu. Ukauliza tena, akabonyeza tena Ruhusu, akaendelea na mapapai yake.

Utamu wenyewe ulikuja alipomwingiza mdogo wake. Iteka aliolewa ng'ambo ya mto, Burundi, enzi zile watu wa kingo mbili wakioana bila kuulizana karatasi. Mumewe amefariki, wanawe wametawanyika, amebaki peke yake na presha yake. Ukimpigia simu, salio linakatika hata hamjamaliza kujuliana hali. Lakini mchezo ule unawaacha wachezaji watumiane mioyo, ili aliyeshindwa apate kucheza tena. Basi ndugu hawa wawili wakaufanya moyo kuwa salamu. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Iteka anatuma wake: nimeamka. Bonifasia anamrudishia: na mimi nimeamka. Basi, kila mtu anakwenda shambani kwake akiwa na amani.

"Siku moja moyo wangu usipofika, ujue ni chaji," Iteka alimwambia mara ya mwisho walipoonana, kwenye arusi. "Usipofika na kesho yake, usingoje wa kukuletea habari. Njoo unizike."

"Na wewe vivyo hivyo," Bonifasia alijibu. Walicheka, lakini kila mmoja alijua mwenzake hatanii.

Wakati huo Bonifasia alikuwa ameomba kitambulisho cha taifa. Huku kwetu mpakani hilo si jambo la kwenda leo ukapata kesho. Unaulizwa wewe, anaulizwa baba yako, na babu yako anaulizwa akiwa kaburini. Alikwenda, akarudishwa. Njoo wiki ijayo. Mhusika yuko semina. Leta barua ya mtendaji. Barua hii haina mhuri. Mpaka siku alipoitwa kwenye ofisi moja mjini Ngara, ambayo sitaitaja kwa jina, nami nina watoto wa kulea.

Ndani akamkuta Taufiki, mtoto wa Biubwa mwenye duka la vitambaa. Kijana akasimama kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana."

Bonifasia akashusha pumzi. Amenunua vitambaa kwa Biubwa miaka nenda miaka rudi, na sare ya kwanza ya shule ya Taufiki ilitoka kwenye cherehani yake mwenyewe. Alijua leo amepata mtu.

Kumbe wapi! Taufiki akageuza kompyuta imtazame Bonifasia. Kwenye kioo palikuwa na ramani. Kidoti kimoja Murukulazo, kingine ng'ambo ya mto, na katikati mstari mwekundu.

"Mama, huyu mtu wa Burundi unayewasiliana naye kila alfajiri ni nani?"

"Ni Iteka, mdogo wangu. Tunacheza matunda!"

"Huchezi nyakati hizo. Unatuma alama moja tu, na yeye anatuma alama moja, halafu mnanyamaza. Hiyo alama ina maana gani?"

"Ina maana hajafa!"

Taufiki akaandika kitu. Bonifasia akaona jasho linamtoka, na si la woga, la hasira. "Na nyie mmejuaje?"

"Mchezo wenyewe, mama. Unakusanya habari za watu, na habari zinauzwa, mwenye kuzitaka anazipata. Na wewe uliruhusu."

"Niliuruhusu mchezo! Serikali niliiruhusu lini?"

Taufiki akatazama meza. Hakuwa kijana mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Bonifasia zaidi. Angekuwa mkorofi angemtukana yaishe.

"Taufiki, wewe unanijua. Kaptula yako ya darasa la kwanza nimeishona mimi, na ulilia nilipokupima."

"Mimi nakujua, mama. Mfumo ndio haukujui."

Ulimi ulimwasha Bonifasia. Babu yake Taufiki alifika Ngara na mzigo wa biashara akitokea pwani, akapokewa, akapewa kiwanja, na hadi leo hakuna aliyemuuliza mjukuu wake ni wa wapi. Mababu wa Bonifasia wamezikwa Murukulazo hadi makaburi hayahesabiki. Lakini aliye juu mngoje chini.

"Tufanye hivi," Taufiki akasema kwa upole. "Tuufute huu mchezo, na usiwasiliane naye kabisa hadi faili lako lifungwe. Wala usimpigie. Kitambulisho utakipata." Akanyoosha mkono apewe simu, akagusa hapa, akagusa pale. Matunda yakapotea, na mioyo yote ikaenda nayo.

"Mwanangu, mdogo wangu atadhani nimekufa!"

Taufiki akatabasamu. "Mama, hakuna mtu anayekufa kwa sababu ya mchezo."

Asubuhi iliyofuata mkono wa Bonifasia ulikwenda kwenye simu wenyewe, ukakuta kioo kitupu. Je, Iteka ameamka? Ameanguka? Akatafuta namba ampigie, kidole kikakaribia kubonyeza, akakumbuka kile kidoti kilichokaa juu ya nyumba yake. Akaiweka simu chini akaifunika kwa vipande vya kitambaa, kana kwamba vitambaa vitasaidia. Ikafika hatua anaongea kwa kunong'ona ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Alipanga kutuma ujumbe kupitia wanawake wanaovuka mto kwenda gulioni, ila siku ya gulio ilikuwa bado. Huku akishona alikuwa akilaani mchezo, akilaani ofisi, akilaani na kidole chake mwenyewe kilichobonyeza Ruhusu.

Siku ya pili yake, ndipo akasikia kilio. Kilikuwa kinapanda kutoka bondeni, kilio chenyewe cha msiba, na majirani wakaanza kutoka nje kuuliza ni nani tena. Bonifasia naye akasimama, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, akatazama njiani.

Iteka. Kitenge kimefungwa kiunoni, matope hadi magotini, mkungu wa ndizi za matanga kichwani. Alipoinua macho akamwona marehemu amesimama barazani, mkungu ukaporomoka.

"Uko hai!" Akamrukia, akamkumbatia, kisha akaanza kumpiga ngumi za mgongoni. "Uko hai na mimi nimelia tangu mtoni! Nimepita kwenye matete kama mwizi nije nikuzike, kumbe unashona magauni!"

Bonifasia hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili. Akamvuta ndani, akafunga mlango, akamwekea uji. Presha au siyo presha, yule mwanamke alikuwa ametembea njia nzima.

Iteka akachomoa simu kifuani. "Hebu nione, labda ilikuwa simu yangu." Akaufungua mchezo, akabonyeza. "Mbona moyo umekwenda? Haujakufikia?"

Kabla Bonifasia hajamwambia azime, ya kwake ikaita chini ya vitambaa.

"Shikamoo, mama." Sauti ya Taufiki ilikuwa ya aibu. "Samahani sana. Mfumo unaonyesha yule mtu wa Burundi yuko nyumbani kwako."

Bonifasia alimtazama mdogo wake, matope yakimkaukia miguuni, bakuli la uji mkononi.

"Marahaba, Taufiki. Ndiyo, ninaye, amekuja kunizika. Kitambulisho kaeni nacho. Ila huo mfumo wako, kwa vile unajua kila kitu, ungemwambia kwamba sijafa, maana mimi ulinikataza."