Nilitoa pole ya msiba, kumbe mama mzima

Korongo wenye taji wamerudi kwenye kinamasi cha Malagarasi, mto unapoingia ziwani. Ameniambia Spesioza, aliyewaona kabla yangu leo asubuhi.

Spesioza ni mkimbizi kutoka Burundi. Tulikuwa kwenye mtumbwi karibu na Ilagala, na Hamisi wa hapo kijijini akipiga kasia.

Korongo wawili walikuwa wanacheza kando ya matete. Wanakunjua mabawa, wanainama, wanaruka.

Hamisi akamtania: "Dada, si ndege wa kwenu hao? Waombe lifti."

Hakucheka. Alisema kwa Kirundi: "Ndakumbuye mama."

Mimi nikasikia "namkumbuka". Nikafanya nilivyozoea kazini, ninapowahoji wakimbizi waliofiwa.

"Pole sana, dada. Alifariki lini?"

Kasia la Hamisi lilisimama.

"Mama yangu mzima! Analima mpunga kule Rusizi!"

Hamisi akacheka hadi mtumbwi ukayumba. "Mwandishi, umemzika mtu! Kwao hilo neno ni hamu ya kumwona aliye mbali."

Nyie wa Kigoma, mbona hamkuniambia?

Nikaomba radhi. Spesioza aliendelea kuwatazama korongo mpaka walipoinuka na kufuata ziwa, kuelekea kaskazini. Kwao ni huko huko.

Wiki iliyopita aliniambia harudi, anaogopa. Leo tuliposhuka akauliza, bila kunitazama, kama wanaotaka kurejea bado wanaandikishwa.

Ndiyo, wanaandikishwa. Jumatatu asubuhi nampitia, twende pamoja.