Kapu la Mshamu Lilishuka Tupu

Admin, jina langu lifiche na hayo ya wenzangu badilisha, lakini kisa chenyewe usikipunguze. Huku Kibiti kila mtu anakisema ovyo. Ati Mshamu anaitwa Kambare kwa kuwa aliiba kambare. Waongo! Aliyekuwepo ni mie. Nina miaka themanini na kitu, meno sita, akili zote. Shule sikwenda, nasema kwa sauti nyie mwandike.

Zama za Mwingereza, mie na Mshamu tulikuwa wachukuzi wa duka la tajiri mmoja. Masika mto ukijaa, watu wa bondeni wanakaa madunguni, vibanda vya juu ya miti katikati ya mpunga, walinde shamba lisiliwe na nguruwe. Dukani hawafiki. Basi sukari, chumvi, mafuta ya taa, twawapelekea kwa mtumbwi, madungu saba, kwa zamu. Kwa pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, hakuna aliyenifikia. Viboko wakiniona walikuwa wanapisha njia. Ukifika chini ya dungu unaita, mama anateremsha kapu kwa kamba, unatia mzigo, linapanda. Likishuka tena lina bakshishi yako: kambare mkavu, mahindi, mayai.

Tajiri akaja na sheria mpya. "Senti za kupeleka nimeshazitia kwenye bei. Bakshishi ni hiari ya mteja, lakini ileteni dukani, mtagawana sawa kila Alhamisi." Tena akasema maji yakipungua atabakiza mchukuzi mmoja.

Alhamisi ya kwanza mie nimeleta kambare tele. Mshamu mikono mitupu. Ya pili, mitupu vilevile. Mie huyo, jicho la pembeni. Nikamnusa shati mbele ya watu.

"Mtani, mbona wanuka moshi wa samaki?"

"Nanuka jasho! Kapu linashuka tupu, wallahi."

"Madungu yote saba? Kwani una upele?"

Watu wakacheka. Tajiri hakucheka. Alhamisi ya tatu akamwambia, "Unakula njiani, Mshamu. Nenda zako." Watoto wakamfuata mpaka njia panda: "Kambare! Kambare!" Mzee aliyekuwa amuoze binti yake akarudisha posa, akasema hamuozi mla vya wenziwe.

Siku si nyingi Bi Sikudhani, mwenye dungu la kwanza, ananiuliza toka juu, "Mwenzio kaishia wapi? Nadhiri yake imekwisha? Nimemwekea mayai."

Nikasukuma mtumbwi nikaondoka. Maana mwanzoni kabisa, sheria ilipotoka tu, nilimwambia, "Bibi, Mshamu usimpe kitu, ameweka nadhiri hapokei cha mtu mpaka Maulidi. Wala usimtajie, utaivunja." Nilimwambia yeye mmoja tu, tena utani, yule Mmatumbi, mie Mndengereko, tutaishije bila kutaniana? Kumbe bibi kapaza sauti juu ya maji, dungu kwa dungu. Wale kina mama wacha Mungu, nani amvunjie mtu nadhiri? Wakamwonea huruma wote, kapu likashuka tupu.

Mie nikanyamaza. Maji yalipungua, kazi ikabaki yangu peke yangu.

Sasa sikilizeni. Mjukuu wa Mshamu ameleta posa kwa mjukuu wangu. Binti anamtaka, hali, hanywi. Mwanangu kakataa katakata: "Baba, tuoze kwa kina Kambare, watu walioiba mpaka bakshishi?" Akanigeukia, "Si wewe mwenyewe ulituhadithia?" Kweli, nimehadithia miaka yote, na watu wakicheka naongeza chumvi.

Mshamu yu hai, yuko Ruaruke. Tukikutana msikitini ananishika mkono, "Mtani, hujafa tu?" Mpaka leo anajua aliyemwonea ni tajiri. Nikisema, binti ataolewa, lakini ule mkono sijui kama nitaupata tena. Nikinyamaza, naondoka duniani na jina zuri la wizi. Nishaurini wanangu, niseme mbele ya watu wote, au nimfuate Ruaruke peke yangu?

Ngojeni, msijibu kwanza. Humu kuna kimoja nimekitia mwenyewe. Sio viboko, viboko kweli walinipisha. Ni Bi Sikudhani. Hakupaza sauti kwa mtu. Nilipita mwenyewe na mtumbwi, dungu hadi dungu, yote saba, na wala sikuwa nacheka.